Paa Ulilolishona kwa Mkono

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kuvuta mwisho, maana ningekusubiri wewe barua hii isingeanza.

Nina jambo la kukiri. Nimelitoa paa la turubai kwenye kigari chako. Usinune kwanza, nisikilize.

Unakumbuka siku ulipokileta hapa Kiseke? Kigari chekundu cha milango miwili, paa la kukunja, na nyuma yako mkokoteni umebeba paa lake la pili, lile gumu la kupachika. Majirani walitoka wote. Mama Kulwa akauliza, "Sasa hilo jingine la nini?" Ukamjibu, "Eti la mvua. Mimi nikitaka kukaa chini ya bati nitabaki nyumbani." Basi likapelekwa bandani, likageuzwa chali, na kuku wakataga humo miaka yote.

Kila Jumapili tulikwenda kwaya paa likiwa limekunjwa, upepo wa ziwa unagombania nawe kilemba, baba anafanyia mazoezi sauti yake ya besi, na mimi nimebanwa kwenye kale kakiti ka nyuma. Niliona aibu sana. Leo ningetoa chochote nibanwe tena pale.

Halafu turubai likachanika, juu ya kiti cha baba. Wewe, fundi cherehani unayejulikana Mkuyuni nzima, ulikataa katakata fundi mwingine akushikie sindano. Ukapiga kiraka kwa mkono, mistari miwili, nadhifu kama pindo la gauni la bibi harusi. Ila gauni halishonwi kuzuia mvua, mama. Kila tundu la sindano likapitisha maji. Ukayaziba matundu kwa nta ya mshumaa, jua la Mwanza likaiyeyusha, ikamdondokea baba kwenye shati la kwaya. Tangu hapo, mvua ikinyesha, tone lilikuwa na anwani moja tu: goti lake la kushoto. Akaanza kusafiri na taulo.

"Mke wangu, gauni lako linavuja."

"Basi hamia kiti cha nyuma."

Hakuhama hata siku moja.

Tangu ulipotuacha, baba hapandi gari jingine. Masika haya turubai likapasuka kabisa, kuanzia kioo cha mbele hadi nyuma, naye akaacha kwenda kwaya. Jumapili tatu alikaa barazani akiimba besi peke yake, na besi peke yake, unajua, ni kama mtu anayegombana na ukuta. Nilimwambia tuweke lile paa gumu. Akasema, "Turubai hilo ni mkono wa mama yako. Usiliguse." Mama, niliogopa. Niliona tumekuzika wewe, na sasa yeye ananiponyoka kidogo kidogo pale pale barazani.

Aliyetuokoa ni fundi Masanja wa Igoma. Alizunguka gari, akachungulia nyuma ya viti, akasema, "Halikatwi hili, mzee. Nafungua nati tu, linatoka zima na vyuma vyake." Baba akafikiri weee. Mwisho akanyanyuka kwenda kuvaa viatu.

Ungemwona alivyomsimamia! "Taratibu, fundi. Unavua gauni hapo, huchuni mbuzi." Masanja alikunja turubai kwa adabu zote, akalitoa, baba akalipokea kwa mikono miwili. Kisha tukaenda bandani. Kuku wako mwekundu alikuwa ameatamia, tukamhamishia kwenye beseni na mayai yake, akatusema mpaka jioni. Paa tuliliosha maji matatu. Tulilibeba, Masanja upande huu, mimi na baba upande ule, likakaa mahali pake, komeo zikaitikia ta, ta. Kusema kweli, mama, limependeza. Nisamehe.

Jumapili baba akapanda. Mvua ilitukuta Kirumba. Alitandika taulo gotini kwa mazoea, akangoja. Hakikudondoka kitu. Kwaya walimpokea kwa vigelegele, akaimba vizuri, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akilikunja na kulikunjua lile taulo kavu. Nikajua nimelitibu gari, sijamtibu mwenye gari.

Kesho yake nimerudi kazini nakuta amefanya kazi. Ameling'oa turubai lako kwenye vyuma, amelishona pale lilipopasuka kwa uzi wa nyavu, mishono mibaya ajabu, ungeifumua yote. Kiraka chako hakukigusa. Amelifunga kwa kamba kati ya ukuta na mpapai, na kiti chake kiko chini yake. Nilikuwa bado sijavua viatu mvua ikashuka. Nikachukua mwavuli mbio.

"Baba, ingia ndani!"

Alikuwa anacheka, mama. Kicheko kile cha zamani, cha mabega. Alinionyesha goti la kushoto. Suruali imelowa, duara dogo tu, pale pale.

"Rudisha mwavuli," akasema. "Niletee taulo."

Pumzika, mama. Mume wako ni mzima, na Jumapili tunakwenda kwaya.

Mimi binti yako,
wa kiti cha nyuma.