Kanisa Dogo la Msichana Aliyesingiziwa

Bruxelles, Jumapili

Dada Furaha mpenzi,

Salamu nyingi kwako na watoto. Huku ni manyunyu tangu Jumatano. Leo Maman Régine, mwenyeji wangu hapa mtaani Matonge, amenipeleka kwenye kanisa dogo la mawe kando ya barabara, la zamani mno.

"Hapa walizika msichana akiwa hai," akaniambia. "Walisema ameiba kikombe. Baadaye aliyemsingizia akakiri, ndipo wakamjengea kanisa hili."

Nililia, dada. Nilikumbuka ulivyofukuzwa kazi kwa ajili ya vijiko vya madame, bibi uliyemfanyia kazi. Nilijua hukuiba, lakini nilinyamaza. Nimekuwashia mshumaa. Nisamehe. Nikirudi Bukavu nitasema ukweli mbele ya Papa na jamaa wote.

Mungu akutunze,
mdogo wako akupendaye,
Espérance