Firigisi Inakwenda Wapi

Jumamosi, 5 Julai

Baridi ya leo haina utani. Matogoro yote imefunikwa na ukungu, na mimi niko ndani ya koti tangu alfajiri. Mke wangu, Mama Anjela, amechoma baga za bata mzinga tena. Huyu ni bata mzinga wa tatu tangu Pasaka. Wamebaki sita.

Utaratibu ni uleule. Asubuhi jirani yetu Mzee Saidi anakuja kuchinja, ili majirani Waislamu nao wale bila wasiwasi. Mke wangu ananyonyoa, anaitoa nyama kwenye mifupa, anaitia kwenye beseni na kuvuka nayo kwa Mzee Saidi, maana mashine ya kusagia nyama iko kwake. Alikuwa na bucha huko Nalasi kabla hajahamia hapa. Nyama ikirudi anaichanganya na kitunguu cha kukuna, pilipili manga, na slesi za mkate zilizolowekwa kwenye maziwa. Anafinyanga maduara, anayabonyeza katikati kwa kidole gumba yasije yakavimba, anayalaza kwenye friji saa nzima. Kisha mkaa, pipa lililokatwa nusu, wavu uliopakwa mafuta. Anageuza mara moja tu. Ukithubutu kukandamiza na mwiko utasikia: unamwaga utamu kwenye mkaa, baba.

Video ya kumfundisha upishi huu alitumiwa na Anjela, binti yetu aliye Dodoma.

Niseme ukweli, ni tamu. Bata mzinga wa kuchoma kwa kawaida ni mkavu, unameza kwa msaada wa maji. Hii inachuruzika mpaka kwenye kiganja. Kati ya skonzi mbili na kachumbari, nilikula mbili.

Lakini firigisi iko wapi?

Mimi ndiye baba wa nyumba hii. Ndege akichinjwa, firigisi ni yangu. Baba yangu alikula yake, babu yangu alikula yake. Mimi sijaiona tangu Noeli. Ndege watatu, firigisi tatu.

Sikuuliza. Mwanamume haulizi firigisi. Anawekewa.

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza firigisi.

Ya kuku unaweza kusema imepotelea kwenye mchuzi. Ya bata mzinga ni kubwa kama ngumi ya mtoto. Haipotei yenyewe.

Ile ya Noeli niliwekewa, siwezi kusema uongo. Na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niandike: sikuila. Magego manne yaling'olewa mwaka jana na yaliyobaki yanayumba. Nilitafuna kwa heshima mbele ya wageni, weee, ikakataa. Nikaitema kwenye leso, leso nikaitia mfukoni mwa shati. Hakuna aliyeona. Baadaye sikumbuki niliitupa wapi.

Meno si hoja hapa. Hoja ni haki yangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimepekua friji. Mafigo ya ng'ombe, samaki wa Mbamba Bay, barafu. Firigisi hakuna. Mama Anjela akanikuta kichwa kiko ndani.

"Unatafuta nini?"

"Maji."

"Maji yako mezani."

Akaniangalia sana. Mtu asiye na neno haangalii hivyo.

Miaka ishirini na saba nilikuwa mteuzi wa tumbaku, mpanga madaraja, Namtumbo yote wananijua. Mkulima analeta robota, mzigo wake uliofungwa, juu majani ya dhahabu, chini majani ya dhahabu. Mimi napasua katikati. Huko ndiko watu wanakoficha majani mabovu. Hakuna aliyewahi kunipitishia. Sasa nipitishiwe nyumbani kwangu?

Jumamosi, 12 Julai

Leo hakukuchinjwa. Mama Anjela alisimama kwenye ua wa michongoma akiongea na Mzee Saidi. Walicheka. Nilipotoka, wakanyamaza.

Mzee Saidi amefiwa na mke miaka mitatu sasa. Ndevu anazipaka hina. Kanzu imepigwa pasi hata siku ya kazi. Sijawahi kuwa na ubaya naye. Leo nimeanza.

Mwanamke anayempa mwanamume mwingine firigisi ya mume wake amebakiza nini cha kutoa?

Nimeandika sentensi hiyo nikaisoma tena. Tumeoana miaka thelathini na nane. Naogopa. Ndiyo, naogopa.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimeshuhudia. Naandika yote, kwa mpangilio.

Saa mbili Mzee Saidi alichinja. Saa nne Mama Anjela aliosha firigisi, nikaiona kwa macho yangu, akaiweka juu ya nyama kwenye beseni. Akavuka. Nilikaa barazani nikajifanya nasoma gazeti.

Saa tano alirudi. Nyama iliyosagwa kwenye beseni. Firigisi hakuna. Mkono wa pili ameshika kikombe kidogo kimefunikwa na kisosi.

Kikombe cha nini?

Mchana, bakuli lililofunikwa kawa likaenda kwa Mzee Saidi.

Jioni nikasogea karibu na jiko, eti naota moto. Alimimina kilichokuwa kwenye kikombe ndani ya donge moja. Moja tu. Akalifinyanga peke yake. Mengine yote kayabonyeza kwa kidole mara moja. Hilo kalibonyeza mara mbili, vishimo viwili vimekaa pamoja. Lilipoiva akaliweka kwenye sahani yangu. Na siku za nyuma zote, nikikumbuka vizuri, baga yangu ya kwanza ilikuwa na vishimo viwili.

Limbwata. Jina lake ni hilo, nisijizungushe. Firigisi inakwenda kwa Saidi, na kwa Saidi kunatoka dawa ya kunipumbaza nisiulize. Na mimi nilikuwa nalamba vidole.

Nilisema tumbo limevurugika. Alipogeuka nikampa mbwa.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda misa. Nilimchunguza mbwa. Jina lake Tosha, ana miaka sita, na muda wote huo hajawahi kunijali. Wa Mama Anjela huyo.

Leo amenifuata kila mahali. Chooni akanisubiri mlangoni. Nikikaa, anakaa. Ananitazama machoni kwa mapenzi.

Ushahidi gani tena nautafuta?

Jumatatu, 21 Julai

Nimempigia simu shemeji Gaspari, kaka yake Mama Anjela, kule Namtumbo. Nimemwambia njoo Jumamosi, kuna neno la dada yako. Akauliza neno gani. Nikasema si la simu.

Likithibitika, Gaspari ataondoka na dada yake. Nimeliandika.

Mama Anjela amefurahi kusikia kaka yake anakuja. Anasema atachinja bata mzinga, atamwonjesha baga.

Mchinjie tu.

Alhamisi, 24 Julai

Silali vizuri. Sili vizuri. Amenitengenezea uji wa ulezi, nikaunusa kwanza. Akaniona nikinusa. Akaenda kuanua nguo.

Nimezitazama fulana zangu kwenye mikono yake. Amezikunja kama anavyozikunja siku zote, mikono ndani. Nilitamani kumwita. Sikumwita.

Jumamosi, 26 Julai

Gaspari alifika na basi la saa nne. Kaleta maharage na njugu mawe. Yale yale yakafanyika: Mzee Saidi, beseni, kikombe chenye kisosi. Nilihesabu kila hatua.

Jioni tulikaa nje kando ya pipa, mimi na shemeji, mlamu wangu. Neno langu nilikuwa nalo kooni, nikasema tule kwanza. Mama Anjela akatuletea sahani mbili. Yangu ilikuwa na vishimo viwili, vinaonekana hata baada ya kuiva. Akarudi ndani kuchukua kachumbari.

Nikabadilisha sahani. Gaspari alikuwa anapapasa kiti nyuma yake kutafuta leso. Nikajisemea: limbwata la dada, kaka alionje.

Akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akafunua skonzi, akaangalia.

"Mlamu, sahani zimepishana," akasema. "Hii ina firigisi. Imesagwa, lakini firigisi naijua. Ya mwenye nyumba siwezi kuila mimi."

Akairudisha mbele yangu, imeumwa upande mmoja.

Mama Anjela alikuwa mlangoni na bakuli la kachumbari. Aliangalia sahani ya kaka yake, akaangalia yangu, akaniangalia mimi. Alijua nani amebadilisha. Aliweka kachumbari mezani.

"Ya Baba Anjela naisaga," akamwambia kaka yake. "Nampa yote kwenye yake. Hivyo inakolea zaidi."

Hakutaja meno yangu. Ningekuwa mimi ningesema.

Gaspari akanigeukia. "Haya mlamu. Na lile neno uliloniitia?"

"Nilitaka uonje baga," nikasema.

"Nimetoka Namtumbo kwa ajili ya baga."

"Ndiyo."

Akavuta sahani yake, akaendelea kula. Nikala nami ile iliyoumwa. Firigisi ilikuwamo, katikati kabisa. Miaka ishirini na saba nimepasua marobota ya watu, na chakula changu mwenyewe sikuwahi kukipasua.

Jumapili, 27 Julai

Gaspari ameondoka. Mama Anjela alikuwa anaosha vyombo, nikasimama karibu yake. Akaanza yeye, bila kugeuka.

"Lile shati lako la bluu la Noeli. Nililifua mimi."

Basi. Mfuko, leso, firigisi. Alijua tangu Desemba.

Alisema angeniwekea nzima tena ningehangaika mbele ya watu. Asingeniwekea, ningesema amenidharau. Mzee Saidi ndiye aliyempa akili ya kusaga: yeye mwenyewe hana magego, hula hivyo miaka mingi. Firigisi husagwa mara ya pili peke yake, laini, na kutiwa kwenye kikombe. Bakuli lililokwenda kwake ni shingo na mgongo, shukrani ya kuchinja na mashine. Siku ile kwenye michongoma walikuwa wanajicheka uzee wao, Mzee Saidi akimwigizia anavyotafuna hindi bila magego.

Kisha akauliza nilimwitia kaka yake nini.

Ningeweza kudanganya. Nilimwambia. Firigisi, Saidi, kikombe, limbwata, mbwa. Kwamba angeondoka na Gaspari.

Hakucheka hata nilipofika kwa mbwa. Alisuuza sahani ileile mara mbili.

"Ungeniuliza," akasema.

Nimejiona mjinga. Zaidi ya mjinga, nimejiona mbaya.

Jumatano, 30 Julai

Ugali na likolo, mboga za majani tu, siku ya tatu. Ananisalimu, ananitengea, hasemi zaidi. Ni haki yake.

Nimekwenda kwa Mzee Saidi. Nilizunguka sana: hali ya hewa, bei ya mbolea. Mwisho nikamwambia nilimdhania vibaya. Hakutaka kujua vibaya gani. Akafungua mdomo akanionyesha ufizi, kulia na kushoto, kama anayetembeza mgeni shambani. Akaniambia magego yake yaliisha kabla ya yangu, nisione haya.

Tosha bado ananifuata. Sasa naelewa. Alikula firigisi ya bata mzinga nzima, angeacha vipi?

Jumamosi, 2 Agosti

Jua kidogo leo. Ukungu uliondoka mapema.

Nilimwomba tuchome baga. Akasema kama nitanyonyoa mimi. Nilinyonyoa. Majirani walipita wakaniona nimekaa kwenye kigoda na manyoya mpaka kwenye nyusi, wakanisalimu kwa adabu kubwa mno. Wacha.

Nilibeba beseni mwenyewe. Mashine nilizungusha mwenyewe, Mzee Saidi akisukumia nyama. Firigisi niliiona ikiingia na nikaiona ikitoka. Bakuli la shingo na mgongo nililipeleka mimi.

Mama Anjela alifinyanga, mimi nikapepea mkaa. Hakuniambia mengi. Aliniambia nisikandamize. Nilikuwa sijakandamiza bado, lakini nilikuwa nafikiria.

Tulikula wawili tu, nje, na mbwa. Vishimo viwili kwenye sahani yangu. Nilichukua kisu nikaipasua katikati, nusu nikaiweka kwenye sahani yake.

Alisema ni yangu. Nikasema najua.

Aliishika kwa mikono miwili. Miaka thelathini na nane ameosha firigisi, amezipika, amenitengea. Kwa mama yake haikuliwa na wanawake, kwa mama yangu haikuliwa, na hapa kwangu hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaitaka. Akauma kidogo, upande.

Nikamuuliza ikoje.

Akatafuna mpaka akamaliza.

"Kumbe huwa naizidishia chumvi," akasema.

Akala yote.