Kumngoja Aliyeanguka

Kyuso, Jumapili usiku

Salamu za heshima kwako, daftari langu, na uniwie radhi. Nimekupuuza tangu mjukuu wangu Mueni aje likizo na mashine yake ya gemu za kupigana.

Kesho anarudi kwao mjini Wote. Mashine ananiachia pamoja na gemu moja kati ya mbili kuukuu. Ile nisiyoichagua amemwahidi rafiki yake. Nilichagua ile ya kwanza, na sasa usingizi umenikataa.

Hiyo ina adabu: aliyeanguka haguswi mpaka asimame. Lakini ni nzito, na wapiganaji wake wanafanana mno. Ya pili ina kasi na rangi za kupendeza, ila inaruhusu kumkanyaga aliye chini. Mimi siwezi. Humngoja ainuke, naye Mueni hunichapa.

"Babu, mpige! Ama unangoja tumwombee kwanza?"

Hapo hucheka sote wawili. Tangu mama watoto azikwe, nyumba hii haikuwa imesikia kicheko. Katika gemu yenye adabu hatujacheka hata mara moja.

Nilichagua nikiwaogopa wazee wenzangu wa kanisa, wasije wakaniona nikicheza gemu ya kumkanyaga aliyeanguka. Je, akirudi likizo ijayo tutakaa kimya tena?

Hapana. Kukipambazuka nitamwomba radhi, na ile yenye adabu ataibeba yeye ampelekee rafiki yake.