Unyayo wa Vidole Vinne

Gerezani, Arusha
4 Agosti 1956

Mpwa wangu Elisaria,

Salamu nyingi kwa jina la Bwana. Mimi mjomba wako ni mzima. Uji wa hapa ni mzito kuliko wa mke wangu, lakini usimwambie.

Nimesikia umemnunulia mke wangu mtamba kwa mshahara wako wa upelelezi. Ahsante sana, mwanangu. Nilipomuuza mtamba wangu ili umalize shule na polisi wakupokee, majirani pale Maji ya Chai walinicheka: "Sadoki anauza maziwa anunue karatasi." Sasa wafungwa nao wananicheka, eti nimemsomesha aliyenifunga. Nawaambia ng'ombe wangu hakwenda bure. Askari watatu waliupita unyayo wangu nje ya ghala la kahawa, wakaona matope tu. Wewe ukaumiminia ule unga mweupe uliokorogwa, wa kunakilia nyayo, ukahesabu vidole vinne, ukajua ni nani.

Ungeweza kuufuta kwa kiatu. Hukuufuta, nami nakushukuru, maana Mikidadi mchukuzi alikuwa amekwisha kuwekwa ndani kwa magunia niliyoiba mimi. Nilijua, nikanyamaza. Siku tisa nilinyamaza, na kanisani nilikwenda.

Lakini mahakamani hukuinua macho hata mara moja. Elisaria, unyayo wangu umeutazama vya kutosha. Jumapili wageni wanaruhusiwa. Njoo uutazame na uso.

Mimi mjomba wako,
Sadoki