Ulanzi kwenye Chupa ya Waini

PAA! Zabron, nilidhani ni bunduki.

Kumbe kizibo. Kizibo changu mimi!

Si unamjua Clement na wenzake wa kuonja waini hapa Iringa? Kila mtu analeta chupa na kueleza alichokisikia mdomoni. Clement kazi yake kusema ulanzi, hii pombe ya mianzi, ni wa washamba. Basi leo nikajaza ulanzi wa Kalenga kwenye chupa mbili za waini ya Ulaya, nikaziba kwa nguvu zangu zote.

Akaonja ya kwanza, kafumba macho. "Nasikia maua. Nasikia asali. Huu ukungu ndio dalili ya waini ya gharama."

Ya gharama, Zabron! Nilijing'ata shavu.

Nikasimama nimuumbue kwa shairi: "Chupa ni ya ng'ambo kweli, moyo wake ni wa huku..."

PAA! Chupa ya pili ikajifungua yenyewe. Mama Bertha alikuwa ameketi mbele yangu; kitenge chake chote kikalowa. Ndiyo, mama yake Eveline, binti ninayetaka kumposa!

Akalamba mdomo.

"Huu ulanzi. Nani kauziba hivi? Ulanzi unaendelea kuchacha, hauzibwi!"

Clement akaweka glasi chini kama imemuunguza. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mnyakyusa!" Mama akacheka hadi akashika meza. "Unataka kuoa Uheheni na ulanzi huujui?"

Damu ikanipanda. Nikamwambia mbele ya wote: "Mama, Jumamosi nakwenda kugema mwenyewe. Usipoumaliza ulanzi wangu, posa sileti."