Viganja Kwenye Uzio wa Mama

Mtinko,
S.L.P. 47,
Singida.
18 Agosti 1991

Mpendwa kaka Antipasi,

Shikamoo. Habari za huko Mererani? Kile kifua chako kimepona, au vumbi la machimbo bado linakusumbua? Sisi hatujambo, ila baba yuko vilevile tangu kiharusi kilipompiga. Mkono na mguu wa kulia havina uhai, na kauli imempotea. Kumgeuza kitandani ni kazi ya watu wawili, mimi na shangazi Yustina.

Alizeti imekubali mwaka huu. Siku hizi za ruksa, biashara ikiwa huru, wanunuzi wanatufuata wenyewe na malori yao.

Kaka, kuna jambo la kaburi la mama. Miiba tuliyolizungushia ililiwa na mchwa, fisi wakaanza kunusanusa pale. Nikamwita fundi Mughwai atujengee uzio wa mbao. Aliunguza miguu ya nguzo kabla ya kuichimbia, na dereva mmoja wa malori ya alizeti akatupatia oili chafu. Tuliichanganya na dizeli kidogo ili izame kwenye mbao. Tukapaka pande zote mpaka jioni, nikafagia ndani nikirudi kinyumenyume hadi nje, Mughwai akafunga kilango kwa waya.

Asubuhi tulirudi kupaka mara ya pili. Waya ulikuwa vilevile, lakini mbao za upande wa ndani zilikuwa na alama za kiganja, ubao hadi ubao, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta mlango.

Mughwai alicheka. "Dada Theodora, si wewe uliyeshika mbao zikiwa mbichi?"

Nikasimama kilangoni, nikaweka mkono wangu juu ya alama moja. Ukamezwa kwa ukubwa wa alama. Ndipo nikaona kidole cha shahada kimeishia katikati, kila mahali. Kaka, unamjua mwenye kidole hicho. Tulikuwa wote shambani panga lilipomkata.

Chini, mistari ya ufagio wangu ilikuwa haijakanyagwa.

Nilikimbilia nyumbani, chumbani kwa baba. Baba alikuwa amelala kama tulivyomlaza. Nikafunua shuka. Kiganja chake cha kulia, ule mkono uliokufa, kilikuwa cheusi kwa oili mpaka kwenye kucha. Mughwai alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Baba," nikamwuliza, "ulikuwa wapi?"

Akanijibu, kaka! Kwa Kinyaturu, kwa sauti yake ya zamani, bila kukwama. "Kwa mama yako. Anataka twende. Nimemwambia asubiri, siondoki kabla sijamwona Antipasi."

Tangu hapo hajatamka neno jingine. Lakini uji anaumaliza, na basi la Singida likipiga honi barabarani anageuza macho mlangoni. Nimemsugua mkono kwa sabuni na majivu, weusi hautoki.

Shangazi amenikataza kukuandikia. "Asipokuja, kaka yangu ataishi," anasema. Nami nilinyamaza wiki nzima nikiona ana haki. Ila jana, basi lilipopita bila kusimama, nilimwona baba akitokwa na machozi. Huko si kuishi, ni kumfungia mtu njiani. Basi nakuomba mimi, si shangazi: njoo.

Shangazi Yustina anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Mughwai naye anakusalimu. Alama zile amekataa kuzipaka juu. Nisalimie wifi Scola, na wanangu wote uwapakate kwa niaba yangu.

Mungu akutangulie kila hatua. Ukishuka kwenye basi, usiingie kwanza chumbani kwa baba. Pitia jikoni kwangu, uniache nikae naye kidogo, nimnyweshe uji.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Theodora