Moshi Kwenye Gauni la Dada

Jumatatu, 28 Julai

Dada katangaza vita. Tena mezani, chakula bado cha moto. Baba asipoacha sigara kabla ya harusi, si yeye atakayemshika Dada mkono kuingia ukumbini. Atakayemshika ni Baba Mdogo. Kasema kavu kabisa, kama anasoma taarifa ya habari. "Nakupenda, Baba. Lakini sitaki kuwaonyesha wanangu picha, niwaambie babu yenu alikuwa huyu."

Mama akabaki na kijiko hewani. Mwezi uliopita daktari alisema mapafu ya Baba yamechoka. Baba aliporudi alituambia daktari kasema "apunguze". Mama alikuwepo! Daktari hakutaja kupunguza.

Baba kakubali. Papo hapo! Hapo ndipo niliposhtuka. Mtu anayebishana na redio hakubali jambo kirahisi namna hiyo.

Dada akakusanya pakiti zote. Ya kwenye koti, ya chini ya cherehani, na ile ya ndani ya boksi la vifungo ambayo sote tulijifanya hatuijui. "Nitazitupa mwenyewe." Baba akachagua kifungo kikubwa cheusi kwenye boksi lilelile, akakitia mdomoni. Eti atakimumunya kila hamu ikimjia.

Baadaye Dada akanivutia koridoni. Nimchunge Baba. Mimi niko likizo, sina makelele, nikikaa mahali watu wanasahau kama nipo.

Asante kwa sifa, Dada.

Alhamisi, 31 Julai

Baba anashonea chumba cha mbele. Nimekaa kwenye kiti cha wateja na kitabu cha baiolojia, nimefungua mfumo wa upumuaji. Najifanya nasoma. Asubuhi nzima.

"Profesa," akasema bila kuinua kichwa, "hayo mapafu hayaishi tu?"

Kumbe ananiona.

Leo ni mkali. Mteja kaja kutaka suruali iongezwe kiunoni, Baba akamwambia suruali haina kosa, apunguze tumbo. Mteja kacheka. Baba hakucheka.

Halafu hili: kiberiti cha jikoni hakipo. Kile chenye doa la mafuta pembeni. Mama anasema labda yeye ndiye kakiweka pabaya. Labda! Mimi naandika tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Baba alitoka kununua uzi mweupe. Kakaa huko mpaka nikaanza kuchungulia dirishani. Karudi ananuka mnanaa. Pipi, kasema, koo linamkwaruza.

Uzi hakununua. Kausahau!

Sijamwambia Dada bado. Nataka kuwa na uhakika.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya bima. Kuna plasta za kubandika mkononi zinazotuliza hamu ya sigara. Baba anazitaka, anatetemeka mpaka sindano inamchoma. Bima ni ya kazini kwa Mama, posta, na inatuhudumia sote. Mama akapiga, akaweka spika, tukazunguka meza kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Muziki wa kinanda. Ukaisha, ukaanza upya. Baba anajigeuzageuza, na kiti chake kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kila akisogea kinalia. Nyumba nzima hujua Baba kainuka, hata ukiwa bafuni.

Mwishowe mhudumu akapatikana. Sauti tamu. "Mama, kwenye mfumo wetu nyumba yenu haina mvutaji."

Mama akafumba macho. Ni yeye aliyewaambia hivyo tulipojiunga! Na hakudanganya — wiki ile Baba alikuwa ameacha. Alikuwa amesema safari hii ni ya mwisho, na Mama akamwamini, akaenda kuwaambia bima kwa furaha. Jumapili yake Baba akairudia.

"Alikuwa ameacha siku hiyo!" Mama akasema.

"Hongereni," akasema mhudumu.

Sasa Baba aende zahanati yao, apulize mashine, mashine ithibitishe anavuta. Nafasi ipo wiki ijayo.

Jioni Dada kaja kulichukua gauni lake, limekwisha kasoro pindo tu. Hawezi kuliacha kwenye chumba cha mvutaji. Baba akamuuliza: nimelishona humuhumu tangu mwanzo, nusa, lina harufu gani? "Bado," Dada akajibu. Baba akalifunika shuka, akalibeba mwenyewe mpaka chumbani kwa Dada, mikono miwili, kama amebeba mtoto aliyelala.

Jumatatu, 11 Agosti

Aibu! Mama mkwe wa Dada alikuja kuliona gauni. Dada akalileta sebuleni. Mgeni akashika lesi, akasifu, akainama kuangalia mshono — akainuka haraka. "Jamani, hili mmelifukiza?"

Mama akanusa. Nami nikanusa. Moshi. Wa leo, si wa zamani.

"Baba!" Dada akasema, hata kabla hatujamwangalia mtu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Akamtazama Dada. Kwa muda mrefu. Akatoa kifungo mdomoni, akakifuta kwenye shati, akakirudisha.

Mama akaniuliza mimi, maana ndimi mchungaji wake. Basi nikasema yote: kiberiti, mnanaa, uzi uliosahauliwa. Mbele ya mgeni! Mimi ambaye darasani hata kuomba ruhusa ya kutoka naogopa. Nilijiona mpelelezi.

Imeamuliwa. Baba Mdogo ndiye atakayemshika Dada mkono.

Jumanne, 12 Agosti

Tumetoka zahanati. Nilienda na Baba na Mama. Baba akavuta pumzi, akapuliza, akakohoa, akapuliza tena. Muuguzi akaangalia mashine, akaipiga kofi kidogo, akaangalia tena.

"Huyu hana moshi."

Mama akapiga bima palepale koridoni. Muziki wa kinanda. Halafu mhudumu yuleyule: sasa mama, kama havuti, plasta za nini?

"Havuti kwa sababu anaacha!"

"Basi akianza tena, mtupigie."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakuona cha kuchekesha. Kasema mashine za bima zimetengenezwa kukataa watu. Jioni Dada kaambiwa, naye akasema harakaharaka: mashine mbovu hiyo.

Lakini mimi nilirudi kwa muuguzi. Mama akiwa bado anafoka kwenye simu. Nikamuuliza kwa sauti ndogo mpaka akainama: je, mashine hukumbuka mpaka lini? Akanijibu vizuri. Angevuta jana jioni, ingemsema leo asubuhi.

Jana jioni ndipo gauni lilipokuwa linanuka.

Tulipofika kwenye kibanda cha sigara, getini pa zahanati, Baba alisimama, akazitazama pakiti zilivyopangwa. "Moja tu, Profesa. Halafu turudi nikapulize, wanipe plasta." Sikujua kama anatania. Nikamshika mkono wa shati. Ulikuwa unatetemeka, na mimi nilidhani muda wote huu anatuigizia.

Jumatano, 13 Agosti

Si Baba. Basi nani?

Nimemshuku Mama mpaka saa ya chai. Yeye ndiye aliyesema "labda" kuhusu kiberiti. Nikamnusa wakati ananisuka, akaniuliza kama nina mafua.

Halafu nikawaza gauni. Kwa Baba lilikaa wiki na wiki, halikunuka. Limenuka baada ya kuhamishwa.

Dada alikuwa anaoga. Nikaingia chumbani kwake. Nikijiambia nafuata kamusi yangu. Dirisha wazi. Boksi la viatu vya harusi juu ya kabati. Ndani: viatu, kiberiti chenye doa la mafuta, na pakiti za Baba. Hakuzitupa!

Nikageuka. Amesimama na taulo.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Akaketi kitandani, maji yanamchuruzika. Alitaka kuonja moja tu, siku ileile. Aone ni kitu gani hicho Baba anakipenda kuliko sisi. Halafu ukumbi, wageni, mama mkwe na maswali yake... "Ikawa kila siku. Mdogo wangu, usiseme. Yule mama akijua nimekwisha."

Nikachukua kamusi nikatoka.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba anapanua suti. Ni suti yake mwenyewe, aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Anaiongeza kiunoni imtoshe Baba Mdogo.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Bila kitabu.

"Baba. Gauni..."

"Nililinusa Jumatatu ileile. Moshi uko kwapani," akasema. Anatunga uzi. "Na kwenye kola. Mtu alikuwa amelivaa." Uzi ukaingia. "Mimi silivai gauni lile, Profesa."

Anajua! Anajua tangu Jumatatu! Nikamuuliza kwa nini kanyamaza, kwa nini kaniacha niseme yale mambo yote ya mnanaa. Nililia, naona aibu hata kuandika.

Akaniambia Dada alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akimletea kisahani cha majivu. Alikuwa akija polepole, ulimi nje, asimwage. Akifika anapigiwa makofi. "Mimi ndiye niliyekuwa nampigia."

Halafu akasema yule mama mkwe akijua, Dada atakuwa ananuswa kila siku katika nyumba ile. "Mimi nimeshazoea kunuswa."

Na uzi, siku ile? Ni kweli alisahau. Alifika kwenye kibanda cha sigara kilicho njiani, akanunua pipi badala ya sigara, na alipoukumbuka uzi akaogopa kukipita tena. Basi.

Kwa hiyo Dada amwoe nani na aingie na nani — hapana, nimeandika hovyo. Dada aolewe huku anadhani Baba hajui? Na Baba akae viti vya nyuma, bila suti?

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia bafuni. Nimekaa ukingo wa beseni la kuogea. Haraka.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Baba Mdogo kaja kujaribu suti. Wote wako sebuleni. Baba kamzunguka na pini mdomoni — pini upande huu, kifungo upande ule. Baba Mdogo kanywea: "Kaka, mimi nakushikia nafasi tu." Baba kamwambia asipumue, mshono utaachia.

Simu ikalia. Bima! Mama alipeleka malalamiko na leo wanajibu. Spika. Sauti tamu ileile. Wamekubali: nyumba yetu ina nafasi moja ya kuachishwa sigara, plasta, daktari, yote. Wanataka jina tu, na mtu huyo apulize mashine Jumatatu.

"Mvutaji hapo nyumbani ni nani?"

"Mimi," akasema Baba, akaketi. Kiti kikalia.

"Wewe mzee tumeshakupima. Wewe huvuti. Mwingine?"

Mama akasema mwingine nani, wazimu gani huu! Mhudumu akasema tusubiri kidogo, tusikate. Muziki wa kinanda.

Mama akaanza kutucheka. Kisha akaacha kucheka. Nadhani ndipo alipoielewa ile "huvuti". Akamgeukia Baba. Akanigeukia mimi! Mimi!

Dada kaketi mbele yangu, ananitazama juu ya glasi ya maji. Haombi kitu. Anatazama tu, na Baba anamtazama yeye na kutikisa kichwa kidogo sana, usiseme, usiseme, mpaka Baba Mdogo akauliza kama ana kizunguzungu. Nikasema naenda msalani.

Natakiwa kurudi. Nimeufungua mlango kidogo. Nasikia kinanda hadi huku. Nikirudi wataniuliza, na safari hii najua.

Kinanda kimekatika.

"Haya, mpo? Nipeni jina."

Naegemeza sikio kwenye ufa wa mlango.

Kiti kimesogea. Lakini hakikulia. Si cha Baba.